Nilisusa meza ya D&D kwa sababu ya Chult, kisha nikafanya yaleyale kwenye meza yangu

Pande20

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Ni wa sisi wachache tunaocheza Dungeons & Dragons na ndugu zake, ile michezo ya kukaa mezani na karatasi, penseli na dadu za pande nyingi. Kwa wasioijua: hakuna ubao wala skrini, na hakuna mshindi. Mmoja anasimulia dunia, tunamwita DM, wengine wanaigiza watu waliomo. DM anasema "mlango umefunguka, ndani kunanuka damu", wewe unasema unafanya nini, dadu inaamua kama umeweza. Mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, na karibu kila kilichomo kimetoka vichwani mwa watu wa huko. Kisa chenyewe kinaanzia hapo.

Mwaka juzi nilialikwa kwenye meza moja hapa Dar, wengi wao wageni waliokuja kikazi. Watu wazuri, chakula kizuri, dadu za chuma. Walikuwa wanacheza Tomb of Annihilation, kampeni (yaani hadithi ndefu ya vikao vingi) ya mwaka 2017 inayotokea Chult: rasi yenye msitu mnene, joto, magonjwa, dinosaria, maiti zinazotembea, na makabila ya goblini, vijitu viovu vya hadithi, wanaovaa vinyago. Kitabu hakitaji Afrika popote lakini hakuna asiyejua ni wapi panapoigwa. Bandari kuu inaitwa Port Nyanzaru. Mtu alisikia "nyanza" mahali, akalipenda neno. Mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wanaotawala mji anaitwa Wakanga O'tamu. Kanga, utamu, na katikati ile "O" ya Waayalandi! Nilicheka peke yangu. Wakaniuliza nacheka nini, nikaanza kueleza, na nilipofika katikati ya maelezo nikajikuta sicheki tena.

Maana upande wa "kwao" katika dunia hiyohiyo una Waterdeep, una Neverwinter, una Baldur's Gate, kila mji na mitaa yake, vyama vya mafundi, koo zinazogombana, historia juu ya historia. Upande wetu umepata msitu. Haki isemwe, waandishi wa kitabu hiki walijitahidi kuliko waliowatangulia: mji ni tajiri na wenyeji ndio wanaoutawala. Lakini ukitoka nje ya ukuta tu unarudi kwenye filamu za zamani. DM wetu naye kila mwongozaji wa msituni alimpa lafudhi ile mnayoijua.

Nikaaga vizuri, nikasusa. Nikaanzisha meza yangu, ya watu watano, kwa Kiswahili, dunia yetu wenyewe. Miji ya mawe kama Kilwa na Gedi. Kitunusi baharini. Zimwi la bara. Popobawa tulimweka kwa utani, mmoja wetu ana watu Pemba na bado anakumbuka hofu ya mwaka 1995 watu walipolala nje. Nilijivuna sana. Kwetu hakuna Wakanga O'tamu, nilikuwa nasema.

Kikao cha sita, kundi likaingia kwenye soko la usiku. Nikahitaji kitu cha kutisha, "cha kwetu". Bila kuwaza hata nusu dakika nikaweka kifua chenye viungo vya zeruzeru. Atakayekimiliki anaongezewa mbili kwenye kila dadu, bahati. Wachezaji wakaanza kupatana bei. Mmoja akauliza kama mkono na mguu zinajumlishwa, yaani apate nne. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Dada mmoja, anayeigiza mwizi wa kundi letu, akaokota dadu zake moja moja, akatia mkobani, akasema anawahi kulala, kesho ana kazi asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Baadaye ndipo nikaambiwa mdogo wake ana ualbino.

Sitafuti kichaka cha kujificha. Nimekulia Mwanza. Mwaka 2007 na 2008 nilikuwa shule, wakati watu wenye ualbino wanakatwa viungo Kanda ya Ziwa, na baadaye watoto wakapelekwa kulala Buhangija kule Shinyanga ili wasiuawe majumbani. Hili sikulisoma gazetini.

Swali langu: masikio yaliyosikia lafudhi ya mwongozaji wa Chult yalikuwa wapi siku ile? Na nyie mezani kwenu mstari mnauchora wapi? Tunaua watu thelathini kwa jioni moja huku tunakula mishikaki, halafu ghafla mtu anasema jambo fulani "limezidi".

---

Mzee wa Kambi

Naweka kambi hapa. Sijui dadu ya pande ishirini inafananaje lakini uzi umenishika.

---

Nyundo Kavu

Mkuu pole, ila unajitesa bure. Ni mchezo. Bibi yangu alitusimulia zimwi lililomeza kijiji kizima na ng'ombe wake, likakatwa kidole wakatoka wote wazima. Sungura anamdanganya fisi amchinje mama yake mzazi, na sisi tunalala usingizi mnono. Hakuna aliyeuliza fisi wanajisikiaje.

Wamarekani wenyewe walishapitia haya. Miaka ya 80 watu wa makanisa walisema D&D ni mlango wa kwa shetani. Kuna mama, Patricia Pulling, mwanawe alijiua mwaka 1982, mwaka uliofuata akaanzisha chama cha kupinga mchezo. Kampuni ya TSR iliyokuwa ikiuchapa ikaingiwa na woga. Toleo la pili la mwaka 1989 likafuta yale majina ya pepo na shetani, baadaye wakabuniwa majina mapya, "tanar'ri" na "baatezu". Kazi ya muuaji wa kukodiwa wakaiondoa, na chotara wa orki (majitu katili ya hadithi) akaondoka naye. Nani alipona? Shetani alibadilishiwa jina, akaendelea kupigwa mishale kama kawaida.

Leo makanisa yamebadilika tu, waumini walewale.

---

Binti Kibokoni

@Nyundo Kavu umeleta ushahidi mzuri, ila umeusomea upande mmoja. Tazama nani alisikilizwa na lini.

Makanisa ya Marekani yalipiga kelele, kufika 1989 kitabu kimeshasafishwa. Orki waliandikwa tangu miaka ya 70 kuwa ni waovu kwa kuzaliwa. Drow, elfi (watu wa hadithi wenye masikio marefu) wenye ngozi nyeusi, nao hivyo hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 70. Tamko la kampuni (siku hizi Wizards of the Coast) kukiri kwamba maelezo hayo yanafanana na yanayosemwa juu ya watu halisi lilitoka Juni 2020. Juni ile, Marekani ikiwaka moto barabarani baada ya George Floyd kuuawa na polisi. Hesabu mwenyewe miaka.

Na kuna kitabu chao cha mwaka 1980 kinaitwa Deities & Demigods, kina miungu ya kupigana nayo. Kila mungu na pointi zake za uhai, ukimpiga zikaisha amekufa. Humo ndani yupo Zeus, yupo Odin, sawa, hao waumini wao siku hizi ni wa kutafuta. Lakini yupo Indra, yupo Agni, yupo Kali. Duka lililo chini ya nyumba yetu hapa Mombasa lina picha ya Kali juu ya kasha la pesa, na kila asubuhi mwenye duka anaiwashia ubani kabla hajaniuzia mkate. Mungu wa Biblia hana ukurasa. Hana pointi. Mimi Mwislamu nashukuru Mwenyezi Mungu hayumo, wala sitaki awemo. Ila siwezi kushukuru la kwangu nikanyamazia la mwenye duka.

Na msidhani yameisha. Agosti 2022 walitoa Spelljammer, safari za anga kwa merikebu. Ndani yake kuna hadozee, watu wanaofanana na nyani. Kisa walichopewa: mchawi aliwakamata, akawanywesha dawa wakapata akili, akataka kuwauza, wakaokolewa na wanafunzi wa mchawi huyohuyo. Juu yake kuna picha ya hadozee na ala inayofanana na gitaa amekaa mkao wa vile vichekesho vya zamani vya Wazungu waliojipaka masizi usoni. Mwanzoni mwa Septemba wakaomba radhi na kukifuta kile kisa. Kitabu kilichoandikwa baada ya tamko! Sidhani aliyeandika alikuwa na nia mbaya. Mleta uzi naye hakuwa nayo.

Mezani kwangu majini wapo, siwezi kuishi Mombasa nikacheza bila majini. Ila wana dini zao, wana ndoa zao, na wapo wanaoswali. Ukimkuta jini unaanza na salamu, si na upanga. Wachezaji walilalamika vikao viwili, wakazoea.

---

Mwana wa Kivu

Bandugu, miye niko Goma, Kiswahili changu mutakivumilia.

Tuko tunacheza watu ine na DM. Mwaka jana tulishinda pango ya goblini. Nyuma kabisa tukakuta watoto wao, kumi na mbili, wamejikunja. DM hakusema kitu, alituangalia tu. Mumoja wetu akasema: tumalize, wakikua watarudi. Alisema mbio mbio, kama mutu anasema zima taa. Rafiki yetu wa Gisenyi, huko ng'ambo ya mpaka, akaweka dadu chini na akatoka kuvuta hewa. Hakuna mutu alimufuata. Sote tulijua sababu.

Muko mnajua kama mutungaji mwenyewe aliulizwa jambo hili? Gary Gygax, 2005, watu walimuuliza juu ya paladini, ule askari wa haki na dini, kama anaweza kuua hata wanyonge wa upande ya waovu akabaki mwema. Alijibu na ule usemi wa Kiingereza wa mayai ya chawa, kama yai la chawa litakuwa chawa tu, na akamutaja Chivington. Chivington ni kanali aliongoza askari kule Sand Creek, Colorado, mwezi wa kumi na moja 1864. Waliua Wacheyenne na Waarapaho, wengi wao wanawake na watoto. Usemi ule unatajwa pamoja na jina lake mpaka leo.

Kwa Maziwa Makuu hapa hatuhitaji kufundishwa juu ya wadudu. 1994 redio ilikuwa inasema inyenzi, mende, asubuhi na jioni. Na maneno ya namna ile hayakufa, yanatembea hata leo, pande zote, sitataja ya nani.

Kuua ndani ya mchezo hakunisumbui, napenda vita sana. Kinanisumbua ni kitabu kuniambia mbele sijafika, kama wa kule pangoni wote ni wabaya tangu tumbo la mama. Vitabu vya zamani kila kiumbe kina mustari wake: jina, pointi za uhai, na tabia. Orki: muovu. Mustari mumoja, umemaliza kazi yote ya redio.

Wale watoto tuliwaacha. Sasa wako kumi na moja, wanatuibia chumvi na tunajifanya hatuoni.

---

Mzee wa Kambi

Wa kumi na mbili alienda wapi??

---

Mwana wa Kivu

Alioa.

---

Kahama Asili

Hapo kwenye kitabu kuniambia kabla sijafika nina la kuongeza.

Vitabu hivi vina kiumbe anaitwa "hag": kikongwe, mbaya wa sura, anakaa peke yake pembeni ya kijiji, anakula watoto. Ukimwona unampiga, DM hata hakuulizi kwa nini. Nimempiga mara nyingi sana, na nimefurahi.

Bibi yangu mzaa baba aliishi peke yake nje kidogo ya Kahama. Alipikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye nyumba isiyo na dirisha miaka hamsini, macho yakawa mekundu kama pilipili. Mnajua Usukumani macho mekundu ya kikongwe yalimaanisha nini na yaliwapeleka wangapi kaburini kwa panga. Wajomba walimhamishia mjini usiku mmoja, hatukuambiwa sababu mpaka tumekua.

Nilicheza miaka minne kabla sijaunganisha yale mambo mawili. Minne! Nilikuwa nimeshamuua "bibi" labda mara kumi. Kwa hiyo Pande20 usijione wa ajabu.

Siombi kikongwe mchawi afutwe. Hadithi zetu zote zinaye. Ila sasa mezani kwangu kuna kanuni moja: kabla ya kuchomoa silaha, mtu aingie ndani aone anapikia nini. Wakati mwingine kweli ni mchawi. Mara nyingi kuna ugali, na bibi anataka kujua nyie ni wa ukoo gani.

---

Maskati ya Kale

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Maskati. Babu yangu kazaliwa Malindi, Unguja, akaondoka 1964 na sanduku moja. Kiswahili ndio lugha aliyotugombeza nayo sote mpaka alipofariki.

Nacheza na vijana wa Dar kwa mtandao. Msimu uliopita DM wetu alitunga kampeni ya Unguja ya miaka ya 1860. Nzuri, kazi imefanywa. Soko la Mkunazini lilikuwemo, na lazima liwemo. Lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria kule mpaka 1897. Hilo mimi silipunguzi.

Lakini kila mbaya alikuwa Mwarabu. Kila mmoja, vikao vyote kumi na nne. Jambia, kilemba, kicheko kirefu. Hakukuwa na tajiri wa Kihindi anayekopesha misafara. Hakukuwa na Mfaransa anayetafuta mikono ya kukata miwa Réunion. Hakukuwa na Mmarekani wa Salem anayeshusha merikani na kupakia pembe za ndovu, zile zilizofika Connecticut zikawa vinanda vya watoto wa watu wema. Hakukuwa na mtemi wa bara aliyeuza mateka wa vita. Tippu Tip alikuwemo, amechorwa mweupe kama mimi. Picha zake zipo, mtu mweusi, na habari za maisha yake alizisimulia kwa Kiswahili.

Na alipohitajika wa kuigiza sauti yake, nikaombwa mimi. Sikukataa. Nikaigiza, na kicheko nikacheka.

---

Nyundo Kavu

Ndugu yangu wa Maskati, nakuheshimu, ila "kila mtu alihusika" ni wimbo wa kila aliyefaidika. Wazungu wanatuimbia sisi, na wewe unatuimbia sisi. Wajukuu wa waliouzwa nao wako mezani, na hawana babu mwenye sanduku la kusimulia.

---

Maskati ya Kale

Kweli. Na la sanduku limenichoma, nalikubali. Sikuomba mbaya wa Kiarabu aondolewe. Niliomba wenzake waletwe wakae naye. Na ningependa safari moja niigize mtu mwingine, hata mpishi.

---

Pande20

Wakuu nasoma kila kitu, naandika kidogo maana naona haya.

@Nyundo Kavu hadithi ya bibi yako nimeiwaza tangu jana. Bibi aliposimulia zimwi alijua nani amekaa kwenye mkeka. Alijua nani kafiwa wiki ile, nani mama yake yupo hospitali, na siku hiyo zimwi lilibadilika likawa chui au hadithi ikawa ya sungura na kisima. Mimi nilikaa na watu watano miezi miwili na sikujua hata nani ana mdogo wake nyumbani.

@Binti Kibokoni ulinigusa kwenye "nashukuru la kwangu". Chult iliniuma kwa sababu nilikuwa mimi ndani ya Chult.

---

Mzee wa Kambi

Swali la mshamba: si nimesikia kuna kadi fulani mezani, mtu akiona jambo baya anaigusa linarukwa? Binamu yangu Nairobi wanayo.

---

Mwizi wa Kundi

Uzi huu nimetumiwa na watu watatu tofauti tangu asubuhi. Mwizi ni mimi.

Kaka Pande20, umesimulia kwa haki kuliko nilivyotegemea. Mawili umekosea.

La kwanza ndilo hilo la kadi. Ilikuwepo. Kadi ya X, wazo la Mmarekani mmoja, John Stavropoulos: karatasi yenye alama ya X katikati ya meza, ukiigusa jambo linaondolewa na huulizwi kwa nini. Yetu ilikuwa chini ya sahani ya mihogo. Na hata ingekuwa juu ya sahani nisingeigusa. Wewe ni mkubwa kwangu, nyumba ni yako, shemeji ndiye kapika. Kadi ile imetungiwa watu waliozoea kunyoosha mkono. Mimi nimelelewa kwamba mgeni akikuta unywele kwenye wali anautoa kimya kimya na anaendelea kula. Kama unataka kujua nisichotaka kukiona, nipigie simu siku mbili kabla, tukiwa wawili, uulize kama unauliza habari za nyumbani. Nitakwambia.

La pili. Sikuondoka kwa sababu umetaja watu wenye ualbino. Afadhali watajwe. Niliondoka kwa sababu mlipatana bei ya mkono na mguu, na watu watano, wote nawapenda, hakuna aliyeuliza vya nani. Mnakumbuka punda? Yule wa kikao cha pili. Mlimpa jina kabla hajalipiwa. Alipoliwa na fisi mlimwekea matanga, mkachanga sarafu za mchezo, na Kassimu wa kwenye mchezo, mpiganaji mzima, akatoa hotuba. Nililia kwa kucheka. Punda kapata matanga, kile kifua hakikuulizwa jina.

Mdogo wangu anacheza pia, na wenzake wa shule. Anaitambua kanuni moja ya toleo la 2014 kuliko DM yeyote: drow wakiwa juani hawaoni vizuri na hawalengi vizuri. Aliponisomea alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Dada, hawa ni sisi saa saba mchana Kariakoo. Ila wamewapaka rangi isiyo yao."

Basi nimekuja na masharti. Jumamosi narudi. Mwizi amestaafu, amefungua duka la nazi. Mhusika wangu mpya ni nahodha wa jahazi, mwanamke, ana ualbino. Kofia pana ya ukindu, mikono mirefu hadi vidoleni, anapenda kusafiri usiku kwa nyota kwa sababu mchana jua linamwonea. Usimwongezee mbili za bahati. Usimfanye malaika wa kufundisha watu huruma, maana najua utajaribu. Anadaiwa na nusu ya bandari, na mdomo wake si mzuri.

Na ana kazi moja. Anamtafuta aliyejaza kile kifua.

---

Nyundo Kavu

Huyo nahodha anahitaji baharia? Nipo Arusha, lakini mabasi ya usiku yapo. Mie bado nasema ni mchezo. Ila huo mchezo nataka niwemo.

---

Kahama Asili

Mkipita kwa bibi yangu mezani mnakaribishwa ugali. Mtaje ukoo kwanza.

---

Pande20

Dada, nimekusoma mara tatu. Nitakupigia Alhamisi jioni, na wengine wote nitawapigia mmoja mmoja, hata yule wa kujumlisha mkono na mguu. Yeye hasa.

Jana usiku nilifungua daftari kwenye ukurasa ule wa soko. Nikajaribu kuandika kile kifua kilitoka kwa nani. Nikapata jina. Nikapata kijiji, na kwamba alikuwa fundi wa kusuka ukili, na ana kaka anayemtafuta. Hapo nikakwama, nikafunga, nikakaa nje mpaka adhana.

Jumamosi saa nane. Mihogo ipo, sahani nitaiweka kwingine. Uje na dadu zako, za kwangu mbili hazionekani tangu siku ile na nina wasiwasi mwizi hakustaafu mikono mitupu.